Nani Hulipia Furaha? Uchumi wa Sherehe, Matamasha na Safari za Mwanafunzi wa Biashara

Mwanafunzi anayesoma biashara katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichofunguliwa mwaka 1965, katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, au katika Chuo Kikuu cha Mzumbe kilichoko nje kidogo ya mji wa Morogoro, hutumia miaka yake ya shahada ya kwanza akijifunza uhasibu, masoko, fedha na uongozi wa watu. Jioni inapoingia na mwisho wa wiki unapofika, mwanafunzi huyo huingia katika maisha mengine yenye mialiko ya mahafali, vikao vya harusi, matamasha ya muziki na safari za kwenda Zanzibar, Bagamoyo au hata Lamu. Wazazi wengi huyatazama maisha hayo kwa wasiwasi, wakiyaona kuwa mwizi wa muda na fedha, ilhali vijana wengi huyaona kuwa mapumziko tu, yasiyohusiana kwa lolote na kile wanachofundishwa darasani.

Mitazamo yote miwili inaacha jambo moja kubwa bila kuguswa. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, na kila ngoma inayochezwa, kila pilau linalopakuliwa na kila jukwaa linalosimamishwa lina mtu au kundi la watu waliolipa ili wengine wafurahi. Wakati mwingine mlipaji ni mwenye tiketi, wakati mwingine ni ndugu na marafiki waliochanga, na wakati mwingine ni mdhamini, taasisi ya umma, msikiti au kijiji kizima. Mwanafunzi wa biashara anayejizoeza kuuliza ni nani aliyelipia furaha anayoishiriki, na kwa matumaini ya kupata nini, hujifunza uchumi wa jamii yake kwa undani ambao vitabu vya uchumi, vingi vikiwa vimeandikwa kwa mifano ya nchi za mbali, haviwezi kumpa peke yake.

Bumu na deni lililojificha ndani yake

Kwa wanafunzi wengi, mlipaji wa kwanza wa starehe ni mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha za ada pamoja na fedha za chakula na malazi, ambazo humfikia mwanafunzi kwa mafungu na ambazo wanachuo wenyewe huziita bumu. Kwa kuwa fedha hizo huja kwa mkupuo na si kila siku, tabia ya matumizi hufuata mkondo unaojulikana na kila aliyewahi kuishi bwenini: siku za mwanzo huwa za neema, vibanda vya chipsi hujaa, nguo mpya huonekana na safari hupangwa, kisha wiki za mwisho kabla ya fungu jingine huwa za kuunga siku kwa uji na mikate.

Kinachosahaulika kwa urahisi ni kwamba bumu ni deni. Marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2016 yalipandisha makato ya marejesho kwa mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi, na kwa hiyo kiingilio cha tamasha kilicholipwa kwa fedha za mkopo leo kitalipwa tena kwa jasho la kazi ya miaka ijayo. Hoja hii haimaanishi kwamba mwanafunzi mwenye mkopo amenyimwa haki ya kufurahi, kwani hakuna binadamu anayeishi kwa wali na daftari peke yake. Inachomtaka ni kuipa starehe fungu lake katika bajeti kabla fedha hazijafika, badala ya kuiachia ijichukulie yenyewe.

Hapa ndipo dhana ya gharama ya fursa, ambayo mwanafunzi wa biashara huikuta mapema katika masomo ya uchumi, inapopata uhai. Gharama ya fursa ni thamani ya kile ambacho mtu anakiacha anapochagua kitu kingine. Gharama halisi ya kuhudhuria onesho la usiku mmoja inajumuisha nauli, chakula, nguo, saa za usingizi zilizopotea na kipindi cha asubuhi kilichohudhuriwa na mwili bila akili, na anayeihesabu kwa kutazama kiingilio pekee amekwisha kujidanganya. Mwanafunzi anayezijumlisha gharama hizo zote kwa uaminifu huenda bado akachagua kwenda, lakini atakwenda akijua anachokilipa, na ujuzi huo ndio mwanzo wa nidhamu ya fedha.

Wanafunzi wengi wamepata dawa ya tatizo hili katika desturi waliyoikuta nyumbani, yaani upatu, ambao ni utaratibu wa kundi dogo la watu wanaoaminiana kuchanga kiasi sawa kila kipindi na kumpa mmoja wao fedha zote kwa zamu. Mwanafunzi anayepanga zamu yake iangukie mwezi wa safari anakuwa amejiwekea akiba bila kulipa riba, na wakati huohuo amejifunza kwamba mtaji wa kwanza wa upatu ni uaminifu, kwa maana akianza mmoja kuchelewesha mchango wake, mchezo mzima huvunjika.

Sherehe za michango na kanuni ya kulipana

Sherehe ambazo mwanafunzi hukutana nazo mara nyingi zaidi hazina tiketi kabisa. Mahafali, kicheni pati ya kumfunda bibi harusi, sendofu ya kumuaga binti kwao, na harusi yenyewe, hugharimiwa katika miji ya Tanzania kwa utaratibu wa michango unaosimamiwa na kamati. Kamati hiyo huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hukutana kwa vikao vya kila wiki, hupitisha bajeti ya ukumbi, chakula, mapambo, muziki, picha na mshereheshaji, na hugawa kadi za kuomba mchango kwa ndugu, majirani, wafanyakazi wenzao na marafiki wa chuo. Anayepokea kadi hutoa kwanza ahadi, yaani kiasi anachokusudia kutoa, kisha hukamilisha ahadi hiyo kabla ya siku ya sherehe, na kiwango cha mchango ndicho huamua kama atapata kadi ya mwaliko ya mtu mmoja, inayoitwa singo, au ya watu wawili, inayoitwa dabo.

Ukiitazama kamati ya harusi kwa jicho la mwanafunzi wa uhasibu, utaona karibu kila somo la muhula limo ndani yake. Ahadi ni mapato yanayotarajiwa, na kamati yenye busara haitumii ahadi zote kana kwamba ni fedha taslimu, kwa kuwa inajua kwamba baadhi ya waahidi hawatalipa. Malipo ya awali ya ukumbi ni gharama isiyorudishwa hata wageni wakipungua, ilhali gharama ya chakula hupanda na kushuka kulingana na idadi ya sahani. Mweka hazina anayesoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya kikao anatoa hesabu ya hadharani kwa wanachama wanaomfahamu kwa jina, na aibu ya kukutwa na upungufu mbele ya watu hao ni kali kuliko barua nyingi za wakaguzi.

Huduma za fedha kwa simu zimeubadilisha utaratibu huu kwa kasi. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mchango umeweza kutoka Mwanza hadi Mtwara kwa dakika moja, huku majina ya waliochanga na kiasi walichotoa yakibandikwa kila siku katika makundi ya mawasiliano ya simu. Uwazi huo umeongeza makusanyo, lakini pia umeongeza shinikizo, kwa kuwa mwanafunzi asiye na kipato huona jina lake likikosekana katika orodha ambayo wenzake wote wanaisoma.

Wataalamu wa elimu ya jamii huita nguvu inayoendesha michango hii mtaji jamii, wakimaanisha hazina ya mahusiano, imani na wajibu ambayo mtu anaweza kuitegemea wakati wa shida au shughuli. Mchango wa harusi haurudishwi kwa mchangiaji kama mkopo wa benki, lakini una kumbukumbu ndefu: aliyechangiwa hutarajiwa kuchanga zamu ya mwenzake ikifika, na aliyezoea kula shughuli za watu bila kutoa chochote hujikuta peke yake siku ya shughuli yake. Kwa mwanafunzi, funzo lenye manufaa ni kwamba mtaji huu hujengwa kwa uaminifu mdogo mdogo unaorudiwa, na kwamba haukubali ahadi za kujionesha. Anayeahidi shilingi 10,000 na kuitoa kwa wakati hujenga jina zuri kuliko anayeahidi 100,000 na kuanza kukwepa simu za mweka hazina, na pale ambapo fedha hazipo kabisa, kujitolea kupanga viti, kupokea wageni au kuandika hesabu ni mchango unaotambuliwa na kila kamati yenye heshima.

Sherehe hizi zina msimu wake, jambo ambalo mwanafunzi wa masoko hapaswi kulipuuza. Wakati wa Kwaresma harusi za Wakristo hupungua, na wakati wa Ramadhani sherehe za Waislamu husubiri Idi, kisha baada ya vipindi hivyo, na hasa mwezi Desemba ambapo ndugu hukutana kwa likizo, kumbi hugombaniwa na wapambaji hupandisha bei. Anayefahamu kalenda za dini zote mbili anafahamu pia ni lini fedha za mji husogea kuelekea kumbini na ni lini hutulia.

Tamasha la kiingilio: mfano wa Sauti za Busara

Tamasha la muziki linalouza tiketi hufuata mantiki nyingine, na hakuna mfano ulio karibu na ulio wazi zaidi kwa mwanafunzi wa Tanzania kuliko Sauti za Busara, tamasha lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya asasi ya Busara Promotions, na ambalo hukusanya watu Mji Mkongwe wa Zanzibar kila mwezi Februari. Jukwaa lake kuu kwa miaka mingi limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, na muziki wake ni ule unaopigwa na kuimbwa hapohapo jukwaani, bila kuigiza sauti iliyorekodiwa. Bi Kidude, malkia wa taarab na unyago aliyefariki Aprili 2013, aliimba katika jukwaa hilo, na bendi changa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zimelitumia kujitambulisha kwa wasikilizaji na mapromota wa nje.

Ili kuelewa ugumu wa shughuli ya aina hii, ni vyema kutenganisha aina mbili za gharama. Gharama zisizobadilika ni zile ambazo mwandaaji atalipa hata akija mgeni mmoja tu, kama vile jukwaa, mitambo ya sauti na taa, ulinzi, vibali, nauli na malazi ya wasanii. Gharama zinazobadilika ni zile zinazoongezeka kwa kila mgeni anayeingia, kama vile bangili za mlangoni na usafi. Tuseme umoja wa wanafunzi unaandaa onesho dogo lenye gharama zisizobadilika za shilingi 6,000,000, kiingilio cha shilingi 10,000, na gharama ya shilingi 2,000 kwa kila mgeni. Kila tiketi itabakiza shilingi 8,000, na kwa hiyo zinahitajika tiketi 750 ili mapato yalingane na matumizi. Mgeni wa 751 ndiye wa kwanza kuleta faida, na ikiwa mvua itanyesha na kuwazuia 300 kati ya hao wasije, hasara haiepukiki, kwa sababu kiti kilichobaki kitupu usiku huo hakiwezi kuwekwa ghalani kikauzwa kesho.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kiingilio peke yake hakitoshi kuendesha tamasha kubwa, na kwa nini wadhamini, balozi na mifuko ya utamaduni huhitajika. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa sababu fedha za kutosha hazikupatikana, likarejea mwaka 2017, na tukio hilo lilionesha jinsi furaha ya maelfu ya watu na kipato cha wenye nyumba za wageni, wapishi wa Forodhani, madereva na wachuuzi vinavyoweza kusimama kwa sababu ya pengo katika bajeti ya mwandaaji mmoja. Mwanafunzi anayejifunza utegemezi wa biashara kwa chanzo kimoja au viwili vya fedha hahitaji mfano mwingine.

Tamasha hilo pia hutumia bei za matabaka, yaani utaratibu wa kuuza huduma ileile kwa bei tofauti kulingana na uwezo wa makundi ya wanunuzi, ambapo Mtanzania hulipa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na mgeni atokaye Ulaya au Marekani. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa ubaguzi, lakini ukiuchunguza utakuta una haki na una busara ya kibiashara: mgeni anayelipa zaidi husaidia kugharimia mitambo ambayo wote wanaitumia, na mwenyeji anayelipa kidogo huleta umati, uchangamfu na lugha ambavyo ndivyo vilivyomvuta mgeni kutoka mbali. Tamasha la Zanzibar lisilo na Wazanzibari lingekuwa onesho la watalii, na watalii wenyewe wasingelipenda.

Kutunza, mishahara ya bendi na mkono wa umma

Kabla ya tiketi za kununuliwa kwa simu, muziki wa Waswahili ulikwishapata njia zake za kulipwa. Katika taarab, ambayo vikundi vyake vya zamani kama Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958 ni fahari ya Zanzibar, msikilizaji aliyeguswa na beti huinuka, hucheza taratibu hadi mbele ya mwimbaji na kumtunza, yaani kumpa fedha hadharani. Malipo haya hayana bei iliyopangwa, hutolewa baada ya huduma kuonjwa, na huonekana na watu wote, hivyo mtunzaji ananunua pia nafasi ya kusema jambo kwa kinywa cha mwimbaji, hasa pale ubeti unapomlenga jirani au mke mwenza. Mwanafunzi wa masoko anayesoma kuhusu bei zinazoamuliwa na mteja mwenyewe anaweza kuuona utaratibu huo ukifanya kazi, katika umbo lililokomaa, kwenye ukumbi wa harusi.

Muziki wa dansi ulifuata njia ya tatu. Baada ya uhuru bendi nyingi za Tanzania Bara zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilisha majina kadiri chama hicho kilivyobadilika hadi ikajulikana kuwa Msondo Ngoma, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupendwa kwa mtindo wake wa Sikinde, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC). Wanamuziki wa bendi hizo walikuwa waajiriwa, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpenzi wa muziki alilipa kiingilio kidogo mlangoni. Mfumo huo uliwapa wanamuziki utulivu na ukazaa nyimbo ambazo bado zinapigwa redioni, lakini uliwaacha wengi bila umiliki wa vyombo wala faida ya kutosha kutokana na kazi zao. Uchumi ulipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, na baadaye kizazi cha Bongo Fleva kilipoibuka, hatari na faida vyote vilihamia kwa msanii binafsi na promota wake, na ndiyo maana leo mkataba, hakimiliki na chapa ya msanii ni mambo yanayohitaji wasomi wa biashara wanaoujua muziki wenyewe.

Sherehe ambazo haziuzwi

Zipo sherehe ambazo mwanafunzi msafiri anaweza kuzishuhudia bila kununua tiketi yoyote, na hizo ndizo zinazohitaji unyenyekevu mkubwa zaidi. Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, husherehekea kila mwezi Julai Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Nairuzi ya Uajemi, ambao kwa vizazi vingi ulikuwa msingi wa hesabu ya misimu ya wakulima na mabaharia. Wanaume hupigana kwa migomba ili kuyamaliza magomvi ya mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakiwa wamevaa vizuri, na kila nyumba hujitahidi kuwa na mgeni, kwa kuwa kula sikukuu bila mgeni huhesabiwa kuwa upungufu. Mlipaji wa sherehe hiyo ni kijiji kizima, kwa chakula, kwa kazi na kwa muda wa watu wake.

Lamu, katika pwani ya Kenya, Maulidi ya Mtume huvuta waumini kutoka kila upande wa pwani na visiwani, na utukufu wake unatokana na kazi ya Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeujenga umaarufu wa Msikiti wa Riyadha kuwa kitovu cha elimu na kasida. Pamoja na visomo na zefe, siku hizo huwa na mashindano ya mashua, mbio za punda na michezo mingine, na wageni wengi hulazwa na kulishwa na wenyeji kwa sadaka na wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa ajili ya dini na manufaa ya jamii. Hapa mgeni asipojua adabu huharibu kitu ambacho hakikulipiwa kwa fedha: mavazi ya staha, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kukaa kimya wakati wa visomo ndicho kiingilio chake.

Tofauti ya sherehe hizi na tamasha la kibiashara inamfundisha mwanafunzi mpaka wa elimu yake. Si kila chenye thamani kinapaswa kuuzwa, na mfanyabiashara anayefika Makunduchi akiwaza namna ya kuweka uzio na kukata tiketi amekosa kuelewa kwamba ukarimu wenyewe ndio shughuli, na kwamba ukiuondoa hakutabaki cha kuuza.

Kupanga safari kama mradi

Safari ya tamasha ni mradi mdogo wenye tarehe, bajeti na hatari zake, na unastahili kupangwa hivyo. Jambo la kwanza ni kalenda. Katika vyuo vingi mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo Februari ya Sauti za Busara hukaribiana na mitihani ya muhula wa kwanza, ilhali Julai ya Mwaka Kogwa mara nyingi huangukia wakati wa mitihani ya muhula wa pili, likizo au mafunzo kwa vitendo. Maulidi hufuata mwezi mwandamo na hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, na Zanzibar huheshimu Ramadhani kwa kusimamisha burudani za hadharani, hivyo tarehe za mwaka uliopita hazitoshi kupangia mwaka huu.

Jambo la pili ni usafiri. Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, Bagamoyo iko umbali wa kilomita kama 70 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa imeisogeza Dar es Salaam karibu na wanafunzi wanaosoma Morogoro na Dodoma. Bagamoyo inafaa sana kwa anayeanza, kwani tamasha la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, huonesha ngoma, tamthilia na sarakasi, na mwanafunzi kutoka Dar es Salaam anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kulipia malazi.

Jambo la tatu ni kugawana gharama. Chumba cha shilingi 120,000 kinachogawanywa na marafiki wanne ni mzigo wa shilingi 30,000 kwa kila mmoja, lakini mgawanyo huo hufanikiwa tu ikiwa mtu mmoja ameteuliwa kuwa mweka hazina wa safari, fedha zimekusanywa kabla ya kuondoka na nauli ya kurudi imekatwa mapema. Safari nyingi za vijana huharibika siku ya mwisho, ambapo aliyetumia nauli yake kununua vitu hugeuka kuwa deni la wenzake. Vilevile kundi lenye busara hukubaliana mapema kwamba hakuna anayerudi malazini peke yake usiku, na kwamba wasichana na wavulana walio katika kundi hilo wanalindana kwa usawa.

Kutoka uwanjani hadi sokoni

Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa nani hulipa huanza kuona mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kutoa huduma. Ushereheshaji, upigaji picha, ubunifu wa kadi, ukodishaji wa viti na mitambo, usimamizi wa milango na uandaaji wa bajeti kwa ajili ya wadhamini ni kazi ambazo vijana wengi wa vyuo huzianza wakiwa bado wanasoma. Kazi hizo zina sheria zake: Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husimamia shughuli za sanaa na burudani, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtaka anayetumia kazi ya msanii hadharani kwa biashara kuheshimu haki ya mwenye kazi hiyo. Anayeingia katika biashara ya burudani kwa kukwepa vibali na kutumia muziki wa watu bila kuwalipa anakausha kisima ambacho yeye mwenyewe anakitegemea.

Vyuo navyo vina wajibu. Kamati ya harusi, tamasha la mji na Mwaka Kogwa ni mada zinazostahili kufanyiwa utafiti wa shahada, na mwalimu wa fedha anayewataka wanafunzi wake wakusanye hesabu halisi za shughuli moja ya mtaani atawafundisha zaidi kuliko anayewapa mfano wa kampuni ya ng'ambo ambayo hawajawahi kuiona. Wazazi, kwa upande wao, watamsaidia kijana kwa kumuuliza amepangaje bajeti ya sherehe zake kuliko kwa kumkataza sherehe zote, kwani aliyekatazwa hujifunza kuficha, na aliyeulizwa hujifunza kuhesabu.

Mwanafunzi wa biashara hana sababu ya kuona haya kwa kupenda ngoma, harusi na safari, maana jamii isiyosherehekea haina soko wala umoja. Anachodaiwa ni kutokuwa mlaji tu wa furaha iliyolipiwa na wengine. Alipe kiingilio bila kutafuta mlango wa nyuma, atimize ahadi ya mchango hata ikiwa ndogo, amtunze msanii aliyemgusa, aheshimu ukarimu wa kijiji kilichompokea, na ajifunze kutoka kwa kila shughuli namna ya kuandaa iliyo bora zaidi zamu yake itakapofika.